Robo ya Tano

Wanaoniona nikitembea hudhani nilipata polio utotoni. Wengine husema ajali ya gari, na huko nyuma mie mwenyewe niliwahi kusema hivyo, nitafika hapo. Huwa nawaacha na wanavyodhani, kwa sababu ukweli wake unamtaka mtu akae kitako asikilize, na watu wa siku hizi hawakai. Lakini tangu mwaka uanze wamenijia vijana watatu hapa nyumbani Tandika, kila mmoja kwa siku yake, wote wafupi kama nilivyokuwa, wote wana picha kwenye simu za miguu iliyozungushiwa vyuma. "Shikamoo babu. Eti na wewe ulirefushwa?" Wa tatu alipoondoka nikamtuma binti yangu Zuhura akaninunulie daftari. Nimeishia darasa la nne, mwandiko wangu unapanda na kushuka, tena nina tabia ya kuacha njia nikaingia vichochoroni. Mnivumilie. Mambo ya kidaktari siyajui, sitayasema. Nitasema yaliyonipata.

Mie nilikuwa mfupi. Kuna ufupi ambao mtu akiuona mara moja anausahau, na kuna ufupi wa kuitiwa. Wangu ulikuwa wa kuitiwa. "Andunje!" Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara na mitumba ilipoanza kumwagika kwa marobota, nilikuwa nauza suruali soko la Tandika. Sasa fikiria, suruali za Wazungu wenye miguu kama nguzo za simu, anazinadi mtu aliyesimama juu ya robota ili aonekane. "We andunje, suruali umemwibia baba yako nini?" Wananunua huku wanacheka, na mie nacheka nao, maana biashara ni mdomo. Suruali yangu mwenyewe nikiipeleka kukatwa pindo, fundi alikuwa ananiomba vile vipande akamshonee mwanawe kaptula. Hilo nalisema ucheke kidogo, maana mbele huko hakuna kicheko kingi.

Mke wangu Mwanaidi, mama Zuhura, mtu wa Kawe, ni mrefu. Mrefu na mwembamba, shingo imesimama. Alinipendea mdomo, alisema mwenyewe. Tukipita pamoja, vijana wa kijiweni walikuwa wanasema, "Kumi hiyo inapita," maana yeye moja, mie sifuri. Mwanaidi alikuwa anawajibu bila kugeuka: "Haya, iondoeni sifuri, nyie wajuzi wa hesabu, muone moja peke yake inanunua nini." Wao wanacheka, mie nanuna. Nilisikia sifuri tu. Yale mengine aliyoyasema, kwamba bila mie yeye ni moja, imenichukua miaka mingi kuyasikia.

Kilichonimaliza ni harusi ya mdogo wake Mwanaidi, huko huko Kawe. Tumepangwa kupigwa picha, mpiga picha anasema, "Huyu bwana haingii, naona kofia tu." Shemeji yangu Hemedi, mtu wa utani, akaja na kreti la soda akalibwaga mbele yangu. "Panda shemeji, ukamfikie mkeo!" Ua zima likacheka, mpaka mama mkwe akajifunika mdomo kwa ushungi. Mwanaidi alinibana mkono nisipande. Nikapanda. Ningekuwa na akili ningelipiga teke lile kreti nikaenda kula pilau, yangeisha pale pale. Utani wa shemeji ni haki yake, mie ndiye niliyeubeba nikaenda nao nyumbani.

Haikupita muda, akaja mteja pale kwenye suruali, kijana mwenye miwani, anazigeuza nguo ndani nje kama anapima mgonjwa. Kumbe daktari kweli. Amerudi kutoka Urusi alikosomea mifupa, na kwa kuwa ruksa imefika mpaka kwenye matibabu, yeye na wenzake wamefungua kijihospitali Kinondoni. Jina lake silitaji. Nikamuuliza anatibu nini hasa. Akasema, "Mtu amevunjika, mfupa umeunga vibaya, mguu umebaki mfupi. Tunaukata tena, tunaufunga pete za chuma kwa nje, tunauvuta pole pole. Mwili wenyewe unajaza pengo."

"Mnauvuta mpaka uwe mrefu?"

"Mpaka ulingane na mwenzake."

"Na yote miwili je?"

Akacheka. Mie sikucheka.

Nilimfuata Kinondoni mara tatu. Ya kwanza alinifukuza kwa adabu. Ya pili akaniambia, "Bwana Shabani, wewe huumwi." Ya tatu nikamjibu, "Naumwa, Daktari, ila eksirei haionyeshi." Hapo akanivutia kiti. Alikuwa kijana, na zile pete alizokuja nazo kwenye sanduku zilikuwa nyingi kuliko wagonjwa. Alinitajia mabaya yote, namshuhudia mbele ya Mungu: vidonda vinaweza kutunga usaha, mshipa unaweza kufa ganzi, mfupa unaweza kukataa kuunga, unaweza kubaki kilema mtu uliyeingia mzima. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya kitu alichokwisha kukipenda, masikio yanasikia huku mkono uko mfukoni. Akaweka kiberiti mezani. "Nitakupa urefu wa kiberiti hiki, basi." Nikakitazama kile kiberiti kama nimeonyeshwa Maka.

Nikauza kiwanja chetu cha Yombo ndipo nikamwambia Mwanaidi. Hakupiga kelele. Alisema, "Nani alikulalamikia?"

Nilipasuliwa kiangazi, joto la kukausha mate. Nilipozinduka kwenye nusu kaputi niliangalia chini nikaona miguu yangu imo ndani ya vizimba. Pete za chuma juu, pete chini, na waya zimepita ndani ya nyama kutokea upande mmoja kwenda wa pili, kama mishikaki. Mfupa umekatwa katikati ya muundi. Maumivu sitayaeleza, kila mtu ana yake. Nitaeleza kitu kidogo: shuka halikukaa. Ukijifunika, shuka linanasa kwenye nati. Sikujifunika miguu mwaka mzima, nikamjua mbu kwa sura.

Siku ya kutoka, Daktari alikuja kitandani na spana namba kumi. Nilicheka peke yangu kwa hiyo namba, akadhani ni dawa. Akanionyesha nati zenye alama ya rangi nyekundu. "Mara nne kwa siku. Asubuhi, mchana, jioni, na ukienda kulala. Kila mara robo. Robo nne ni duru moja, na duru moja ndiyo riziki ya mfupa kwa siku. Usiuzidishie, mfupa hauna haraka." Mwanaidi wakati huo alikuwa nje anatafuta gari. Laiti angekuwa ndani.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya jirani yetu mzee Mkude, aliyekuwa anachuuza mkaa wa Pugu. Nililazwa juu ya magunia matupu, nikafika Tandika mweusi kama aliyetoka kuchoma tanuri. Mzee Mkude hakuwahi kuniuliza nilifanya nini. Kila safari alikuwa anasema tu, "Lala vizuri mwanangu, nitapita pasipo na mashimo," na Dar es Salaam nzima ilikuwa mashimo. Mungu amrehemu.

Sasa ndiyo naingia kwenye lenyewe. Jioni ile Mwanaidi akaniuliza, "Daktari kasema tuzungushe mara ngapi?" Na mie nikajibu, "Kila swala." Lilinitoka. Msikitini kulikuwa kunaadhiniwa magharibi, nadhani ulimi ulifuata sikio, nilikuwa natafuta njia ya kutosahau. Lakini swala ni tano. Mtoto wa chuo cha Kurani anajua ni tano. Niliiona ile tano pale pale, kabla Mwanaidi hajaifunga kanga yake vizuri, nikanyamaza. Nikasema moyoni, robo moja ya ziada itadhuru nini? Nitamaliza mapema, au labda nitapata kiberiti na cha juu yake. Ukiniuliza ugonjwa wangu ulianzia wapi, sikutaji kisu cha Daktari. Ulianzia kwenye kunyamaza kule.

Basi ikawa hivyo. Adhana ikilia, Mwanaidi anatia udhu, anachukua spana, anapiga magoti pembeni ya kitanda. "Bismillahi." Nati nne mguu wa kulia, nati nne wa kushoto. Kisha anakwenda kuswali. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Hakukosa hata moja. Siku aliyopata homa ya malaria alijikokota na spana meno yanagongana. Nilimwambia aache. "Daktari si amesema?" akanijibu. Na mie nikamwacha azungushe.

Kuna mambo ya aibu ambayo watu hawayaandiki. Choo chetu cha shimo kilikuwa cha kuchuchumaa, na mtu mwenye vizimba hachuchumai. Seremala wa mtaani alinitengenezea kiti chenye tundu, akakipiga msasa vizuri kweli, akasema, "Kiti cha ofisi hiki, bosi." Suruali hazikupita juu ya pete. Mie muuza suruali nilivaa kanga za mke wangu mwaka mzima, nyingine ina maneno ya mafumbo, wageni wakija wananisoma tumboni. Maalim wa msikiti wetu aliniruhusu kutayamamu na kuswali nimekaa.

Muuguzi wetu, Sista Agripina, Mhaya mmoja wa kusema kwa kukata, alikuwa amenipa kazi mbili. Kusafisha matundu ya waya kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, na kuvuta unyayo kwa kipande cha kanga. "Mara mia kwa siku, baba. Mfupa ukirefuka nyama inabaki fupi, itaukokota unyayo uchongoke. Utakanyaga kwa vidole kama kuku." Kusafisha alisafisha Mwanaidi. Kuvuta ilikuwa juu yangu, na kuliuma, nikawa navuta mara kumi, nahesabu mia.

Masika yakaanza. Nilitakiwa kurudi Kinondoni kila baada ya wiki mbili wakaniangalie. Wiki mbili zikafika nikasema njia imejaa maji. Nne zikafika nikasema mzee Mkude ana shughuli. Uongo. Nilikuwa naogopa Daktari asije akaipima robo ya tano. Na mchana, Mwanaidi akienda sokoni kuniuzia suruali, nilikuwa naweka kiberiti kwenye muundi napima. Nilikuwa nakua! Mtu mzima mwenye mtoto, nakua kama mchicha. Wakati huo vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vimeanza kufa ganzi, na kisigino kilikuwa kimepanda juu. Nikaona ni bei yake.

Wiki ya sita Mwanaidi hakunisikiliza, akamwita mzee Mkude. Tukafika Kinondoni asubuhi na mapema, benchi la varandani limejaa. Benchi la wagonjwa wa mifupa lina desturi yake: kila anayekaa anasema kilichomvunja, kama watu wanaotajiana kabila. Mama mmoja alianguka kisimani. Pembeni yangu alikuwa Komba, Mngoni, dereva wa malori wa Kurasini, mguu wake mmoja umo kwenye pete kama zangu.

"Mie kontena," akasema. "Lilishushwa kabla sijatoka. Nikasikia mwaa! kama mtu anavunja muwa. Na wewe braza, miwili yote? Nini kimekufanyia hivi?"

Nikasema, "Gari."

"Dah. Pole sana. Alisimama?"

"Hakusimama."

"Mbwa," akasema Komba, na benchi zima likamlaani dereva yule, mpaka yule mama wa kisimani akaomba Mungu ampooze mikono. Niliitikia amina.

Chumba cha Daktari kilikuwa na pazia tu, hakikuwa na mlango. Picha ya eksirei aliibandika kwenye kioo cha dirisha, maana ile taa yao ya kuangalizia ilikuwa imeungua. Nikaona kipande cha mfupa juu, kipande chini, na katikati pako wazi. Pako wazi hivi kwamba mpapai ulioko nje ya dirisha niliuona kupitia pengo la mguu wangu.

"Hapa palitakiwa pawe na wingu," Daktari akasema, anapagusa kwa kalamu. "Wingu jeupe, ndiyo mfupa mchanga. Mbona hakuna kitu? Mnazungusha mara ngapi?"

"Nne," nikasema.

"Tano," akasema Mwanaidi.

Daktari akageuka. "Ngapi, mama?"

"Tano, Daktari. Kila swala. Sijapitisha hata moja." Alisema kwa fahari, kama mwanafunzi aliyefanya kazi yake yote. "Hata nilipokuwa na homa nilizungusha."

"Nani alisema tano?"

"Si wewe? Baba Zuhura aliniambia umesema..." Hakumaliza. Aliniangalia. Nimeangaliwa na watu wengi maishani, wengi wao kwa kuinamisha shingo, lakini sijapata kuangaliwa kwa urefu ule. Alikuwa ameshika begi la nguo zangu, akaliweka chini taratibu.

"Niliutaka mwenyewe," nikamwambia Daktari. "Huu urefu. Nikasema niongeze."

Daktari alivua miwani akafikicha macho. Hakufoka, na ningependa angefoka. Akasema, "Bwana Shabani, umeuvuta mfupa kabla ule mchanga haujafika. Na mshipa umeuvuta. Na nyama umeivuta." Kisha akamgeukia Mwanaidi. "Mama, wewe huna kosa." Mwanaidi akasema, "Ninalo. Mkono ni wangu."

Nilipotolewa nje kwa kiti cha magurudumu, benchi zima liligeuka. Pazia halizibi sauti. Komba akanitazama miguu, akanitazama usoni.

"Kwa hiyo hakuna gari?"

"Hakuna."

"Ulikuwa mzima?"

"Nilikuwa mzima."

"Mie kontena liliponibana nilimwomba Mungu anirudishie mguu mmoja tu, braza. Mmoja." Akageukia upande wa pili. Yule mama wa kisimani akavuta ushungi. Nilimtaka mzee Mkude aje upesi.

Nyumbani Mwanaidi aliniwekea spana mapajani. "Zungusha mwenyewe," akasema. Kesho yake akamchukua Zuhura wakaenda kwao Kawe. Dada yangu mkubwa, dada Tatu, akaja kuniuguza.

Amri ya Daktari ilikuwa kurudisha. Zile nati zilizozungushwa mbele, sasa zizungushwe nyuma, vipande vya mfupa vikaribiane, pengine vitaona aibu vishikane. Kwa hiyo kazi ile nikaifanya kwa mkono wangu, robo kwa robo, mara nne kwa siku, wala si tano. Kila robo naiona ilivyopatikana: hii ya siku ya homa yake, hii ya siku aliyorudi sokoni amelowa mvua. Nilizirudisha zote za kushoto, na kama nusu ya zile za kulia. Dada Tatu alikuwa ananiangalia. "Shabani, mama alikuzaa na miguu yako miwili ukatoka umeridhika," aliniambia. "Nani alikwenda kukuchokoza?"

Kipupwe kilipoingia, mguu wa kulia ulianza kupata wingu kwenye picha. Wa kushoto ukaanza kunuka. Tundu moja la waya, karibu na kifundo, lilivimba likatoa usaha, homa ikapanda nikawa naongea na watu wasiokuwepo. Nikalazwa tena. Daktari akang'oa ile waya, nikachomwa sindano asubuhi na jioni. Siku ya Jumatatu akaniambia wazi: "Homa isiposhuka mpaka Ijumaa, tutaongea habari ya kuukata huu wa kushoto. Sitaki usaha ukuenee mwili mzima."

Nilitia sahihi karatasi. Mwandiko wangu unapanda na kushuka hata bila homa, siku ile ulitoka nje ya mstari.

Dada Tatu hakuniambia, akaenda Kawe. Baadaye Mwanaidi ndiye aliyenisimulia jinsi dada alivyoingia uani kwao bila kukaa. "Wifi, sikuja kumwombea msamaha, hilo ni lake. Nimekuja kukwambia mguu unaoza, na macho yangu hayaoni tena vizuri kusafisha vitundu. Wakikata, wakate, lakini nisiseme sikukwambia."

Jumanne mchana nikasikia sauti ya Mwanaidi koridoni anamuuliza Sista Agripina maji ya chumvi yako wapi. Akaingia. Hakunisalimia. Alikunja mikono ya gauni, akakaa pembeni ya kitanda, akaanza kusafisha tundu moja moja, pamba mpya kila tundu. Sista Agripina akamwonyesha kukamua usaha kutoka chini kwenda juu. Alifanya hivyo mara tatu kwa siku, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, bila neno. Na unyayo akauvuta, mara mia za kweli, anahesabu kwa midomo. Nikilia ananisubiri nimalize, anaendelea alipofikia. Katika siku zile Komba alikuja kliniki yake, akapita wodini kwa magongo, akasimama miguuni pangu. Nikadhani amekuja kunisuta. Akatoa chungwa mfukoni akaliweka juu ya kabati. "Ule, una homa," akasema, akaondoka. Sijapata kula chungwa tamu kama lile.

Ijumaa asubuhi Sista alinichomeka kipimajoto kwapani, akakisoma, akaenda kukisoma tena dirishani kwenye mwanga. "Imeshuka, baba." Mwanaidi alikuwa anakamua kitambaa. Aliendelea kukikamua mpaka kikakauka kabisa, bado anakikamua.

Mguu haukukatwa. Vuli nilivuliwa kizimba cha kulia, na cha kushoto kiangazi kilichofuata, mwaka mzima na siku kadhaa tangu nilipoingia kwa miguu yangu. Nilipovuliwa nilikuta miundi myembamba kama mipini ya jembe, ngozi inabanduka kama maganda ya kitunguu, makovu ya matundu yamejipanga kama tasbihi. Wa kulia ulibaki na kiasi kidogo cha kile nilichokitafuta, kama nusu kiberiti. Wa kushoto haukupata kitu, na kwa kule kuoza ukapungua kidogo. Kwa hiyo ukiniuliza kama nilirefuka, nakujibu: upande mmoja. Unyayo wa kushoto hauinuki wenyewe, nauburuta, na kisigino hakijagusa ardhi mpaka leo. Kuanzia kifundo kwenda chini hausikii kitu, ni kama nimeuazima.

Nyie vijana mnaokuja na picha kwenye simu, siwazuii. Nasikia siku hizi kuna vyuma vya ndani kwa ndani, na madaktari wengi, na mashine za kuona kila kitu. Huenda kweli. Lakini waulizeni hao wanaowaonyesha picha wamesimama: baada ya picha walikaa wapi? Nani aliwabeba chooni? Na kama mmeshakata shauri, basi mpelekeni mwenzenu ndani ya chumba cha daktari asikie maneno kwa masikio yake, msimletee nyie nyumbani yakiwa yamepungua au yamezidi. Na mkiambiwa nne, iwe nne.

Nilimwomba Mwanaidi msamaha siku niliyorudi nyumbani, nimesimama kwa magongo mlangoni, nikasema nimemkosea kwa kiwanja, kwa uongo, kwa mwaka ule. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mguu ni wako, baba Zuhura. Ungeukata ukautupa baharini, ni wako. Lakini mkono ulikuwa wangu, na nilikuwa nasema bismillahi." Kisha akaenda kuinjika chai.

Siku moja, kama miezi miwili baadaye, niliingia ndani natokea uani, na Zuhura akapiga kelele kwamba naacha damu nyuma yangu. Nilikuwa nimekanyaga msumari, umezama wote kwenye unyayo wa kushoto, na mie natembea nao sina habari. Mwanaidi akauchomoa kwa koleo. Tangu siku hiyo kila jioni, kabla ya magharibi, anakuja na kigoda chake na beseni, anakaa mbele yangu. "Nyosha mguu," ananiambia. Anaupindua unyayo, anaupapasa wote kwa kidole gumba, kati ya vidole, chini ya kisigino, anatafuta miba na malengelenge nisiyoyasikia. Sasa ni bibi, macho yake nayo yamepungua, anausogeza mguu karibu na uso wake ili aone.

Hajaniambia amenisamehe, na mie sijamuuliza tena. Naunyosha tu.